Pembe Nne za Kadi ya Besiboli

Agosti 2022, kadi moja ya mchezaji wa besiboli Mickey Mantle iliyochapwa na kampuni ya Topps mwaka 1952 iliuzwa mnadani nchini Marekani kwa dola milioni 12.6. Aliyeiuza alikuwa ameinunua mwaka 1991 kwa dola 50,000. Wengi wakisikia bei hiyo hudhani kilicholipiwa ni jina la Mantle. La hasha. Kadi nyingine za toleo lilelile, zilizochakaa, huuzwa kwa sehemu ndogo sana ya bei hiyo. Kilicholipiwa ni pembe nne.

Kwa hiyo anza na pembe. Shika kadi kwa kingo zake bila kugusa uso, sogea dirishani, kisha tazama kila pembe kwa kioo cha kukuza mara kumi. Kadi hizi zilikuwa mali ya watoto: zilifungwa kwa raba, zikasokomezwa mifukoni, zikabanwa kwenye spoku za baiskeli ili zitoe mlio. Pembe iliyochoka hufumuka kama ncha ya uzi, na nyuzi nyeupe za karatasi huchungulia chini ya rangi. Ile Mantle ya 2022 ilipewa alama 9.5 kati ya 10 na SGC, kampuni ya kupima ubora wa kadi, baada ya miaka 70 ya kuwa karatasi tu.

Ukimaliza pembe, linganisha upana wa ukingo mweupe kushoto na kulia, juu na chini. Picha ikiegemea upande mmoja, thamani hushuka hata kama kadi haijawahi kuguswa. Kisha ilaze kadi karibu na usawa wa jicho, mwanga uipitie juu, uone mikunjo iliyojificha kwenye rangi.

Pembe kali mno kwenye kadi kongwe isikufurahishe upesi. Chukua rula. Topps ya 1952 ina upana wa inchi 2⅝ na urefu wa inchi 3¾. Ikipungua, huenda imenyolewa kingo ili ionekane mpya. Linganisha na kadi nyingine za mwaka huohuo, kwani wembe wa kisasa huacha ukingo laini na mweupe kuliko ule wa kiwandani. Kuna kadi ya mchezaji Honus Wagner wa seti ya T206, kadi zilizotiwa kwenye paketi za sigara kati ya 1909 na 1911, iliyouzwa mwaka 2007 kwa dola milioni 2.8 ikiwa na alama 8. Mwaka 2013 mfanyabiashara Bill Mastro alikiri kwamba aliikata kadi hiyo. Inaniuma kila nikiikumbuka. Kadi iliyochakaa kwa kuchezewa na mtoto naiheshimu kuliko iliyonyolewa, na soko nalo limewahi kukubali: mwaka 2022 Wagner mwingine, mwenye alama 2 tu, aliuzwa kwa dola milioni 7.25.

Ukiuziwa kadi ya umri huo, chunguza maandishi kwa kioo chako. Herufi za asili ni wino mzito, usiokatika. Nakala nyingi huonyesha vitone vitone. Halafu zima taa za chumba na uimulike kwa taa ya urujuanimno. Karatasi ya 1909 hubaki imefifia. Ya siku hizi hung'aa kibuluu, kwa sababu ya kemikali za weupe zilizoenea viwandani baada ya Vita Kuu ya Pili. Ikimeta, mrudishie muuzaji kadi yake.