Heko Walimu wa Kiangazi

Walimu wa Head Start wanastahili heko. Mpango huo wa Marekani ulianza kiangazi cha 1965, wa wiki nane tu, ukapokea watoto zaidi ya laki tano, wengi wao wa familia maskini, kabla hawajaingia shule. Kinachonivutia ni kwamba haukukimbilia herufi. Watoto walipimwa afya na meno, wakachanjwa, wakalishwa chakula cha moto, wakaachiwa wacheze. Na wacheze hasa: kujaza maji kikombeni na kuyamimina ni hesabu tosha kwa mwenye miaka minne! Wazazi nao waliitwa kusaidia darasani, wengine wakaajiriwa. Wiki nane zilikuwa chache mno. Kabla ya kiangazi hicho kwisha, Rais Lyndon Johnson alitangaza kwamba mpango utaendelea mwaka mzima.