Sanamu ya Kruger: Ilivyofika Church Square na Inavyolindwa

Sanamu ya Paul Kruger, rais wa jamhuri ya Makaburu ya Transvaal kuanzia mwaka 1883 hadi 1900, imesimama katikati ya Church Square, Pretoria. Gharama zilitolewa na tajiri Sammy Marks. Mchongaji Anton van Wouw aliifanyia kazi Roma, ambako ilimiminwa kwa bronzi katika maumbo yanayojitegemea: rais mwenyewe na kofia yake ndefu, na chini yake Makaburu wanne wenye bunduki.

Utengano huo wa vipande ndio ulioamua historia yake. Sanamu ilikusudiwa Church Square tangu mwanzo, lakini vita vya 1899 kati ya Makaburu na Waingereza vikazuka na umbo la rais likakwama Lourenço Marques, Maputo ya leo. Wale Makaburu wanne walichukuliwa na kamanda wa Uingereza, Lord Kitchener, hadi Uingereza. Kruger aliposimamishwa Prince's Park, Pretoria, mwaka 1913, walinzi wake walikuwa bado ng'ambo; walirudishwa baadaye. Mwaka 1925 sanamu ilihamishiwa mbele ya stesheni ya reli, na mwaka 1954, enzi za ubaguzi wa rangi, ikafika uwanjani.

Ulinzi wa sasa una matabaka mawili. La kwanza ni Sheria namba 25 ya mwaka 1999 ya rasilimali za urithi. Kifungu cha 37 kinazipa sanamu za umma hifadhi sawa na maeneo yaliyoorodheshwa, bila kusubiri tangazo rasmi. Kuiondoa au kuibadilisha kunahitaji kibali cha mamlaka ya urithi, hata kama mwombaji ni manispaa yenyewe.

Tabaka la pili ni uzio. Aprili 2015, wakati sanamu ya mkoloni Cecil Rhodes ikipingwa Cape Town, ya Kruger ilimwagiwa rangi ya kijani. Hasira ilikuwa na msingi: katiba ya Transvaal ya 1858 ilikataa katakata usawa wa weusi na weupe, kanisani na serikalini. Sanamu ikazungushiwa uzio wa chuma. Uzio huo, kusema kweli, unawaadhibu zaidi watazamaji: kazi nzuri kuliko zote, nyuso za wale wanne, iko chini, usawa wa macho, na sasa hutazamwa kupitia nondo. Kiufundi, kuihamisha tena si kazi ngumu. Kigumu ni kibali.