Sirki ya siku hizi: mchezo tu ao neno?

Wengi wanawaza kwamba sirki ni kazi ya kuchekesha watoto tu. Tuone kama wanasema kweli.

Sirki ya zamani ilianza London mwaka 1768, Philip Astley alipoonyesha ufundi wa kupanda farasi ndani ya uwanja wa duara. Mpaka leo duara ile ina upana wa metre 13 hivi. Mule kila fundi alionyesha nguvu zake, mmoja kisha mwingine. Watu walishangaa, wakapiga mikono, wakaenda zao.

Mwaka 1985 serikali ya Ufaransa ilianzisha chuo cha sirki katika mji wa Châlons. Mwaka 1995 wanafunzi waliomaliza mule walicheza «Le Cri du caméléon», wakiongozwa na Josef Nadj, fundi wa dansi. Nyama hakuna. Kuruka na kupanda vilifungwa pamoja kama maneno ya habari moja. Wengi wanahesabu mwanzo wa sirki mpya tangu mchezo ule.

Tunaisifu sirki hii, lakini kwa roho ya uangalifu. Katika tiatre, aliyekufa anasimama tena pazia likifungwa. Katika sirki, anayeanguka anaanguka kweli. Mwaka 2013, huko Las Vegas, mwanamke mmoja alianguka kutoka juu katika mchezo «Kà» wa Cirque du Soleil, akafa. Basi tujiulize sisi wenye kutazama: tunapenda ufundi wa mwenzetu, ao tunangojea aanguke? Kama hatari imewekwa ili tiketi ziuzwe tu, mchezo ni mbaya, hata ukipendeza macho. Kama inatuonyesha mtu anayejitia mikononi mwa mwenziwe, basi mchezo umesema neno.

Kosa moja tunaliona: mara nyingi neno lenyewe limefichwa mno, na watu wadogo wanarudi nyumbani bila kitu. Kijana Yoane Bosco, kule Becchi, alitembea juu ya kamba iliyofungwa kati ya miti miwili. Lakini kwanza alisali rozari pamoja na watu, akawarudilia mahubiri ya padri. Wakulima walimwelewa.

Basi vijana wa misioni wakipandana mabegani siku ya sikukuu, tusimtazame yule wa juu peke yake. Tuwaonyeshe watu pia yule wa chini, anayewabeba wote.