Mikono ya Ramsey Lewis

Anayetaka kuujua ustadi wa Ramsey Lewis, mpiga piano wa jazi, asianze na wepesi wa vidole vyake, asikilize kwanza makofi. Santuri ya The In Crowd ilirekodiwa mbele ya watu, Mei 1965, katika klabu ya Bohemian Caverns mjini Washington. Katika wimbo unaoipa santuri jina, ukumbi mzima unapiga makofi kwenye pigo la pili na la nne. Lewis anapiga kifungu kifupi cha piano, ananyamaza, makofi yanajibu. Anakirudia. Mtu anapaza sauti kwa raha, naye anakileta tena, safari hii kwa uzito zaidi. Wala hana haraka. Huo ni ufundi wa kanisani: alikulia Chicago, baba yake akiongoza kwaya, na tangu utotoni alipiga piano mbele ya watu waliozoea kuitikia.

Wimbo huo ulimpa tuzo ya Grammy, na wengi huishia hapo. Mimi huwaomba waendelee, maana kwenye santuri hiyohiyo umo Felicidade, wimbo wa Mbrazili Antônio Carlos Jobim uliotungwa kwa ajili ya filamu ya Orfeu Negro ya 1959. Kanisa la Chicago na kanivali ya Rio, santuri moja, piano moja! Na wala havigombani. Katika samba, ngoma kubwa iitwayo surdo hutia uzito kwenye pigo la pili; katika makanisa ya Wamarekani weusi, viganja navyo hukutana hapohapo. Lewis aliliona pindo ambapo vitambaa hivi viwili tayari vilikuwa vimegusana, akapitisha sindano. Tena hakuwa akibahatisha: mwaka 1962 alikuwa ameshatoa santuri nzima iitwayo Bossa Nova, akiwa na wenzake walewale wa The In Crowd, Eldee Young kwenye besi na Redd Holt kwenye drams.

Walikuwapo wapenzi wa jazi waliomkunjia uso, wakisema anapigia redio. Sikubaliani nao hata kidogo. Kumwaga noti nyingi ni kazi ya mazoezi. Kurudia noti chache, kila marudio yakazidi kuukaza moyo wa msikilizaji, kunataka mtu anayejua wasikilizaji wake wanapumua wapi. Wapiga piano wa namna hiyo hawajawahi kuwa wengi.

Young na Holt waliondoka 1966 wakaenda kuunda kundi lao. Lewis akawachukua Cleveland Eaton na kijana mpiga drams, Maurice White, na mwaka huohuo akatoa Wade in the Water, wimbo wa kale wa kiroho wa watu weusi waliokuwa utumwani, sasa ukiwa na tarumbeta na mwendo wa souli.

White alikuwa na mapenzi yake mengine: kalimba, ndugu wa marimba za mkono wanazopiga Wagogo wa Dodoma. Bosi mwingine angemwambia abaki na vijiti vyake. Lewis hakufanya hivyo. Kwenye Another Voyage ya 1969 kimo kipande kiitwacho Uhuru, na ndani yake inalia kalimba ya White, kwenye santuri yenye jina la Lewis juu ya jalada. Miaka michache baadaye White aliipeleka kalimba hiyo kwenye majukwaa makubwa ya dunia, akiwa na kundi alilolianzisha mwenyewe, Earth, Wind & Fire.