Kete Juu ya Karatasi: Nguvu ya Bodi ya Maji Ilivyopimwa Ghana

Mto Volta Nyeupe hutoka Burkina Faso na kuingia kaskazini mwa Ghana, na Bwawa la Bagre likifunguliwa huko juu, anayekiona cha moto ni mkulima wa chini. Katika bonde hilo, katikati ya miaka ya 2000, Ghana iliunda bodi ya kusimamia maji: idara za serikali, wilaya na machifu, wote meza moja. Bodi changa kama hiyo ina nguvu gani, na inazipata kwa nani?

Eva Schiffer, wakati huo mtafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Sera za Chakula, alilitafutia swali hilo jibu kwa karatasi pana, kadi, kalamu za rangi na kete za kupanga moja juu ya nyingine. Mbinu yake inaitwa Net-Map.

Kwanza hutajwa kila mhusika, kila jina na kadi yake. Kisha hupigwa mishale: rangi hii pesa, ile amri, nyingine taarifa au ushauri. Huandikwa pia malengo ya kila mmoja. Wachoraji wengi wa mitandao huridhika na kadi na mishale. Schiffer aliongeza kwamba kila kadi ijengewe mnara wa kete, kwa kadiri ya ushawishi wake katika jambo linalojadiliwa.

Kwa maoni yangu, ufundi wote uko kwenye mnara huo. Mshale hukuambia nani ameunganika na nani. Haukuambii nani akitamka neno linatekelezwa. Ofisi inaweza kupokea taarifa kutoka pande zote na bado ikaambulia kete moja, huku chifu mwenye mishale miwili akipewa sita. Hapo lazima mtu aulize: pesa hana, amri hatoi, nguvu anaitoa wapi? Na kwa kuwa kete zinashikika, watu hubishana kwa mikono. Huyu anapunguza mbili, yule anazirudisha. Sababu wanazozitoa wakati huo ndizo za kuandikwa kwanza, kabla hata ya kuhesabu mishale na kuiingiza kwenye kompyuta. (Warsha zetu nyingi huchora “wadau” wote kwa miduara inayolingana, kisha watu wakaenda kunywa chai.)

Vifaa si kisingizio; vizibo vya soda tunavyochezea drafti vinatosha. Kazi iko kwa wachoraji. Ramani hii ni maoni ya aliyeichora, na mshale wa pesa ni mgumu kuchora bosi akiwa ameketi mkabala. Mbinu inaruhusu kuhoji mtu mmoja mmoja au kikundi. Mimi ningeanza na mmoja mmoja, kisha nizitandaze ramani zao pamoja, bila majina ya wachoraji, na kuanzia kwenye kadi ambayo minara yake imepishana zaidi.