Maelezo Yasiyoziba Namba

Namba haijitetei. Kwenye jedwali la marejesho ya mikopo la SACCOS, mstari wa mwanachama fulani unaweza kuonyesha sifuri mwezi Machi. Mjumbe wa bodi ataisoma sifuri hiyo kuwa ni ukaidi, na mkaguzi ataanza kumtupia jicho mweka hazina. Kumbe mwanachama alilipa ya miezi miwili Februari kwa sababu alikuwa na safari. Maneno hayo hayana pa kukaa ndani ya seli. Ukiyaandika pale, namba inageuka maandishi, na fomula inayoitegemea ama inairuka ama inagoma. Basi huwekwa dokezo, na pembetatu ndogo nyekundu ikatokea kwenye kona ya juu, upande wa kulia, kumjulisha msomaji kwamba hapa pana jambo la kusemwa.

Kuliingiza si kazi: Shift na F2, Excel inafungua kisanduku, unaandika. Kazi iko katika kulipangia mahali, na ninaowasifu hapa ni wale wachache wanaoihangaikia kazi hiyo, ingawa hakuna anayewalipa kwa ajili yake.

Kisanduku cha dokezo hufunguka kulia kwa seli yake. Kulia huko, katika leja nyingi, ndiko lilipo salio, yaani namba ileile ambayo msomaji anataka kuilinganisha na hiyo inayoelezwa. Kwa anayepitisha kipanya tu hakuna neno, kwani kisanduku hujitokeza kisha kikajiondokea. Balaa huja siku ya kikao, pale mtu anapoamua kuyaonyesha madokezo yote kwa pamoja ukutani kwa projekta. Visanduku vinasukumana kama abiria wa jioni kwenye mlango wa daladala, kila kimoja kimeziba cha jirani yake, na hesabu yenyewe haionekani tena.

Mwenye mkono mzuri huliona hilo kabla ya kikao. Hukishika kisanduku ukingoni, akakivuta hadi mahali peupe, na mshale mwembamba unaokiunganisha na seli yake hukifuata. Kwa hiyo umbali si tatizo. Tatizo ni mishale kupishana, maana hapo jicho halijui tena lipi ni la nani. Mafundi niliowaona wakiifanya kazi hii huacha safu nzima tupu kulia kwa jedwali, wakayateremsha madokezo humo kwa mpangilio uleule wa mistari yake. Hupunguza pia ukubwa wa kisanduku hadi kitoshane na maneno. Na kwa kuwa nafasi ni finyu, hujifunza kuandika kwa ufupi: “Alilipa Machi pamoja na Februari, tazama risiti.” Inatosha.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalijui kabisa. Kisanduku hakimo ndani ya seli. Ni umbo linaloelea juu ya karatasi, na Excel inakuuliza, ukiingia kwenye sifa zake, umbo hilo lishikamane vipi na seli zilizo chini yake. Majibu ni matatu. La kwanza ni lisogee na kubadilika ukubwa pamoja na seli. Ukilichagua hilo kisha ukachuja orodha, mistari iliyofichwa hukiminya kisanduku, na siku moja unakikuta kimebaki kama uzi, maneno yamo lakini hayasomeki. La tatu ni lisisogee wala kubadilika. Hapo ukiingiza mistari mipya juu, seli inateremka na kisanduku kinabaki kilipokuwa, mshale umenyooka kupita katikati ya hesabu za watu wengine. Jibu la kati, lisogee bila kubadilika ukubwa, ndilo ninaloliona la busara kwa leja inayokua kila mwezi.

Madokezo yakishafika mamia, mkono hautoshi. Hapo huandikwa makro fupi inayopita dokezo moja baada ya jingine, ikauliza ukingo wa seli yake uko wapi, kwa pointi, 72 katika kila inchi, na kukirudisha kisanduku kando yake.

(Excel pia huanza kila dokezo kwa jina la mtumiaji lililosajiliwa kwenye programu. Ndiyo maana leja nyingi zimejaa maelezo ya mtu aitwaye “User”, au ya fundi aliyeiweka programu na kuondoka zake. Lirekebishe jina hilo. Mkaguzi atataka kujua nani alisema.)

Hangaiko hili si geni kwetu. Katika miswada ya pwani iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, hashiya iliwekwa pambizoni, mara nyingine ikainamishwa ili isigusane na matini. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, alipokuwa akimfafanulia mmisionari William Taylor mashairi ya Muyaka, alikuwa akizalisha maelezo ambayo nayo yalihitaji pa kukaa bila kuupora ubeti nafasi yake.

Karatasi inapotoka kwenye printa, mambo hubadilika tena. Madokezo yanaweza kuchapwa yalivyo juu ya jedwali, au mwishoni, kila moja na anwani ya seli yake. Kwa faili la mkaguzi, chagua mwishoni.

Matoleo mapya ya Excel yameleta maoni ya kujibizana, ambayo hayavutwi yakawekwa unapotaka, na yale ya zamani yakapewa jina jipya la madokezo. Wanaoijua kazi hawakulalamika. Wanabishana kwenye maoni, na ubishi ukiisha, huyafuta, wakaandika walichokubaliana katika dokezo moja fupi kando ya namba.