Chukudu na Mteremko wa Kibati: Mguu Ndio Unaoamua Mzigo

Anayeiona chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachobeba mizigo ya Goma, mashariki mwa Kongo, kwa mara ya kwanza huanza kwa kuhesabu visivyokuwepo. Haina injini, haina pedeli wala mnyororo, na magurudumu yake hayana upepo. Akiishia hapo ataondoka Goma na kichekesho cha kusimulia kwao. Lakini fundi aliyeichonga hakuwa akitafuta baiskeli akaambulia mbao. Alikuwa akitafuta chombo cha kuteremsha mzigo mzito juu ya mawe ya volkano, kisichokunywa mafuta, na kinachoweza kutengenezwa kando ya njia kwa panga, patasi na misumari. Kwa kipimo hicho karibu kila kiungo chake kina sababu nzuri. Kiungo ninacholalamikia ni kimoja tu, breki, nacho ndicho watu wanachokizungumzia kidogo kuliko vyote.

Tuanze na njia. Barabara ya Taifa namba 2, itokayo Goma kwenda Rutshuru, hupita Kibati, chini ya mlima Nyiragongo, mahali penye kituo cha Hifadhi ya Virunga ambako wapanda mlima walikuwa wakianzia safari. Kilele kiko mita 3,470 juu ya usawa wa bahari, kituo kiko karibu mita 1,900, na Goma, ukingoni mwa ziwa Kivu, iko karibu mita 1,500. Kaskazini zaidi ni Kibumba, kwenye mashamba ya kabichi, viazi na karoti. Kwa hiyo mzigo unashuka, na chombo kinarudi juu kikiwa kitupu au na vitu vichache vya dukani. Kama mashamba yangekuwa kando ya ziwa na soko likawa mlimani, sidhani kama chukudu ingezaliwa.

Kisha kuna mawe. Nyiragongo ulilipuka Januari 1977, ukalipuka tena Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani, na tarehe 22 Mei 2021 lava ikaikata barabara hiihii ya Rutshuru. Lava ya mlima huu ina silika kidogo sana, ndiyo maana hutiririka kwa kasi inayowashangaza hata wataalamu. Ikishapoa huacha mwamba mweusi wenye vitundu, na kila kitundu kikivunjika huacha makali. Vijia vinavyoingia vijijini kutoka barabara kuu vimelazwa juu ya mwamba huo au kujazwa vipande vyake. Tairi la upepo halina maisha marefu hapo likiwa limebeba kilo mia tatu.

Ndiyo sababu gurudumu la chukudu ni kipande cha mbao ngumu kilichochongwa kuwa duara, kikavikwa ukanda wa tairi kuukuu la gari uliopigiliwa misumari. Fremu kwa kawaida ni ya mkaratusi. Mpira ule haupo kwa ajili ya starehe ya dereva. Kazi yake ya kwanza ni kuizuia mbao isichanike. Ukataji wowote wa duara kutoka kwenye ubao huacha sehemu mbili ambazo nyuzi za mti ni fupi, na hapo ndipo jiwe likigonga ubao hupasuka. Ukanda uliokazwa kuzunguka gurudumu zima hulibana duara lisifunguke, na ukichakaa unang'olewa, unapigiliwa mwingine. Jambo hilohilo linaeleza kwa nini gurudumu ni dogo kuliko la baiskeli: duara likikua, sehemu dhaifu nazo zinarefuka, na ubao mpana usio na ufa ni wa kutafutwa.

Udogo huo una gharama, na gharama yenyewe inahesabika. Chukua gurudumu lenye nusu kipenyo cha sentimita 20 lililosimama mbele ya jiwe la sentimita 5. Ili kulipandisha kwa kusukuma mlalo unahitaji nguvu ya karibu tisa ya kumi ya uzito ulio juu ya gurudumu hilo. Gurudumu la baiskeli la sentimita 33 lingehitaji kama sita ya kumi. Lakini hiyo ni hesabu ya chombo kilichosimama. Chombo kinachotembea kina akiba ya mwendo: kwa kilomita 15 kwa saa akiba hiyo inalingana na kupanda sentimita 90 wima, kwa hiyo jiwe la sentimita 5 halichukui sana. Kwa mwendo wa mtu anayesukuma, kilomita 4 kwa saa, akiba ni sentimita 6 tu. Jiwe ambalo asubuhi lilipitwa bila kutazamwa, jioni wakati wa kupanda linasimamisha chombo kabisa. Ukiona mwenye chukudu akipanda kwa kuchagua njia kama mtu anayevuka mto kwa mawe, na akishuka ananyoosha tu, ujue anafuata hesabu hiyo, hata kama hajawahi kuiandika popote.

Mzigo unapangwa kwenye ubao mrefu wa chini, ukiegemea nyuma, ili gurudumu la mbele linaloongozwa na usukani libaki jepesi na lipande mawe kwa urahisi. Magunia mazito hukaa chini, na makaa au kabichi, ambavyo ni vikubwa kwa umbo kuliko kwa uzito, hupanda juu. Dereva huweka goti moja kwenye kitambaa au kandambili iliyopigiliwa ubaoni na kupiga ardhi kwa mguu wa pili. Njia ikianza kuteremka husimama na kuachia.

Hapo ndipo inapokuja breki. Kwenye chukudu za kawaida breki ni kipande cha tairi kilichowekwa nyuma, ambacho dereva hukikanyaga kikasugua gurudumu. Hakuna kebo wala kiatu cha chuma. Wengi huipita wakidhani ni jambo dogo. Wanachosifu ni mzigo: kilo mia tatu, mia nne, wengine wanataja zaidi, kama kwamba swali ni iwapo fremu itabeba. Fremu itabeba. Gogo la mkaratusi lenye unene wa mkono halina wasiwasi na magunia manne. Kinachoweka mpaka ni mguu wa dereva.

Tuchukulie mzigo wa kilo 300, dereva wa kilo 60 na chukudu yenyewe kilo 40, jumla 400. Dereva akisimama juu ya breki kwa uzito wake wote, na mpira ukasuguana na mpira kwa kiwango cha 0.6, anapata nguvu ya kuzuia ya nyutoni 350 hivi. Hiyo haiongezeki hata chembe magunia yakiongezeka, kwa sababu uzito wa dereva ni uleule. Kwenye mteremko wa asilimia 3, ambao si mkali kwa njia ya Kibati, mwendo ukiwa kilomita 20 kwa saa, chombo kitasimama, kikisaidiwa na msuguano wa magurudumu yenyewe, baada ya kama mita 20. Kikiwa kitupu kingesimama ndani ya mita 5. Mvua ikinyesha na msuguano ukapungua nusu, mita 20 zinakuwa 45. Mtoto anayevuka barabara hana habari na tofauti hiyo.

Tena kuna joto. Mteremko ukifika asilimia 6, na tukitoa asilimia 2 inayoliwa na msuguano wa magurudumu yenyewe, kuishikilia chukudu hiyo isizidi kilomita 20 kwa saa kunamwaga karibu wati 900 kwenye kipande kimoja cha mpira, joto la pasi ya umeme inayopiga nguo. Pasi imetengenezwa kwa chuma ili ivumilie. Mpira unalainika, unanuka na kuanza kuteleza. Kwa sababu hiyo dereva mzoefu hangoji kasi imzidi ndipo akanyage. Anakanyaga mapema, anaachia, anakanyaga tena. Mahali pakali zaidi anashuka na kuivuta kwa nyuma, naye si mwoga.

Maboresho yanayopendwa zaidi ni kuweka beringi za chuma mahali pa tundu la mbao lililopakwa grisi. Faida yake inajulikana na kila aliyewahi kusukuma chukudu kupanda: chombo kinakuwa chepesi. Lakini mhimili unaozunguka ndani ya mbao nao ni breki, ingawa hakuna aliyekusudia. Kwa mhimili wenye nusu kipenyo cha sentimita 1 kwenye gurudumu la sentimita 20, msuguano wake unaweza kula kati ya nusu asilimia na asilimia nzima ya uzito wote. Uondoe, na kwenye mteremko wa asilimia 3 kile kilichobaki kwa mguu kukizuia kinaongezeka kwa nusu, pengine maradufu. Beringi bila breki mpya ni nusu ya kazi, na ni nusu inayovutia macho. Mnunuzi huisukuma chukudu mpya mbele ya karakana, kwenye uwanja wa tambarare, anaiona inateleza yenyewe, anafurahi na kulipa. Hakuna anayeijaribu kwa kuisimamisha.

Hili la kujaribu linanipeleka kwa watoto. Njia ya Goma imejaa chukudu ndogo, nusu ya kubwa au chini ya hapo, zinazoshuka kwa kelele na kuanguka bila kuvunjika. Wapo wanaosema huko ndiko mafundi wanakojifunzia, na kwa upande wa kuchonga na kupigilia ni kweli. Kwa upande wa nguvu kipimo kidogo hudanganya. Punguza kila kipimo kwa nusu, uzito wa mbao unabaki moja ya nane, lakini eneo la mkato linalobeba linabaki robo. Kwa hiyo chukudu ndogo ina nguvu maradufu kulinganisha na uzito wake. Breki nayo inadanganya zaidi, maana mtoto wa kilo 30 juu ya chombo cha kilo 5 ni karibu mzigo wote mwenyewe. Mguu wake unazuia kilo 35. Mguu wa mkubwa unazuia 400.

Wenye magari madogo ya rimoti huko Marekani na Ulaya, yale yanayotambaa juu ya mawe, wanaijua hesabu hii vizuri. Gari kama TRX-4 ya Traxxas, iliyotoka mwaka 2017, ni mfano wa moja ya kumi. Gari halisi la tani tatu likipunguzwa hivyo kila upande linakuwa kilo tatu, kwa sababu uzito unagawanywa kwa elfu. Linabiringika kutoka kwenye jabali, linageuzwa kwa mkono, linaendelea. La tani tatu lisingepona. Marekebisho wanayoyafanya, ukiyatazama kwa macho ya Kibati, hayana ugeni wowote. Ndani ya matairi hawaweki upepo bali sponji, ili jiwe lisiwe na cha kutoboa. Wanafunga vipande vya shaba karibu na magurudumu ili uzito ushuke chini. Mota inapunguzwa kasi kwa gia mpaka gari litambae. Tofauti ni kwamba mota iliyopunguzwa kasi hivyo hulishika gari lisikimbie mteremkoni. Kwa maneno mengine, breki yao imo ndani ya gia, na ikiharibika wanapoteza Jumamosi moja. Mwenye chukudu hana gia. Ana mguu, na magunia si yake.

Kwa haki niseme kwamba barabara hii imepima zaidi ya magurudumu. Kibati ilijaa kambi za waliokimbia vita mwaka 2008, na mwaka 2013 mapigano na waasi wa M23 yalifanyika hapohapo. Chombo kisichosubiri petroli wala spea kutoka Mombasa kina thamani ambayo hesabu zangu za nyutoni hazioni. Chukudu imekuwepo Kivu Kaskazini tangu miaka ya 1970, na Goma wameijengea sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara. Sina ugomvi na sifa hizo.

Ila breki inaweza kuongezwa nguvu bila kuacha mbao. Uzito wa chombo chenye mzigo ukiegemea nyuma, gurudumu la nyuma lina mshiko wa ardhi wa karibu mara nne ya kile mguu unachotoa. Nafasi ipo, haitumiki. Kinachohitajika ni kanyagio refu lenye bawaba upande mmoja: mguu ukikanyaga mwishoni, na mpira ukiwa katikati kati ya mguu na bawaba, nguvu inakuwa maradufu. Zile mita 20 zinashuka kuwa 9 na kidogo. Ubao mmoja, bolti moja, na kipande cha mpira kipana zaidi ili joto ligawanyike. Mpira utaisha upesi, basi upigiliwe kwa namna ya kung'oka bila kuvunja ubao. Uwiano wa tatu kwa moja ningeuacha: chombo kikiwa kitupu gurudumu litafunga kwa urahisi zaidi na kuteleza, na dereva atajikuta pembeni ya barabara kabla ya chukudu yake.

Fundi atakayeifunga asiipime mbele ya karakana. Ashushe nayo kutoka juu ya Kibati, magunia yakiwa yamejaa, barabara ikiwa imelowa, mtu wa pili akitembea nyuma na kamba mkononi.